Karakana ya friji Gerezani: ghali, hawapokei simu, ila gesi haimwagwi

Nianze na bei, maana najua ndilo swali la kwanza. Friza yangu ya kulala, lita 300, imenigharimu shilingi 95,000 kutengeneza. Mtaani kwetu Tabata fundi anayepita na begi mgongoni anajaza gesi kwa 45,000, na ukijua kubembeleza anashuka hadi 40,000. Kwa hiyo ndiyo, karakana hii ni ghali, tena mara mbili na ushee. Na hapo hujahesabu kirikuu cha kupeleka na kurudisha, kwa sababu kazi ya gesi hawaifanyi nyumbani kwa mteja. Wanasema mitambo yao haipandi bodaboda.

Pamoja na hayo nitarudi kwao. Nitaeleza kwa kirefu kwa nini, maana tuko wengi tunaouza juisi, samaki na barafu za ukwaju, na wote tunaishi kwa kudra ya friza. Ikigoma siku mbili kuku wameoza na mtaji umekwenda. Mimi asubuhi nafundisha jiografia sekondari, jioni na wikiendi ndiyo nauza, kwa hiyo mtanivumilia somo likiingia kwenye biashara.

Kufika ni rahisi, kupaona ndiyo kazi. Shuka mwendokasi kituo cha Gerezani, ingia mitaa ya vipuri, uliza kwa mzee wa friji penye geti la bluu. Hakuna kibao. Ndani kuna benchi moja la wateja, na siku zote limekaliwa na kompresa mbovu.

Friza yangu ilianza kwa kutogandisha. Kompresa inanguruma mchana kutwa usiku kucha bila kupumzika, uniti za LUKU zinakwisha kabla ya wiki, na barafu inatoka uji. Fundi wa kwanza, wa mtaani, simtaji, ana familia. Alikata kimrija cha nyuma kwa koleo, gesi iliyokuwa imebaki ikatoka yote, tsss, jikoni kwangu. Akaunga, akachomelea, akafungulia mtungi wake huku ameshika bomba kwa vidole akisikilizia ubaridi. "Imejaa, mama." Hakupima kwa kitu chochote zaidi ya kiganja. Baada ya wiki chache friza ikarudi kulekule. Kujaza gesi mfumo unaovuja ni kuchota maji kwa pakacha, na pakacha lenyewe nalilipia mimi.

Mzee wa Gerezani hakuigusa friza kwanza. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza: nani aliifungua, na alitia gesi gani? Hakungoja jibu langu refu. Akamwita kijana wake, akaleta kifaa cha mkononi chenye mpira mwembamba, wakakiunga kwenye bomba. Kile kifaa kinaonja gesi iliyomo na kuandika ni aina gani na kama imechanganywa. Yangu ilisoma R134a, safi. Mzee akasema "Alhamdulillahi" kama vile friza ni yake.

Nilimwuliza hofu ilikuwa ya nini. Akanionyesha pembeni mtungi uliochorwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Umeandikwa R134a kwa herufi nzuri tu, lakini ndani ni mchanganyiko wa ajabu. Mitungi bandia ipo dunia nzima, na si hadithi za vijiweni: mwaka 2011 makontena ya ubaridi, yale yanayobeba matunda na nyama melini, yalilipuka baada ya kujazwa gesi iliyochakachuliwa, na wafanyakazi walikufa. Kwa fundi anayeingiza mkono nyuma ya friji za watu kila siku, kuijua gesi kabla ya kuwasha moto wa kuchomelea ni suala la kurudi nyumbani akiwa na macho yake.

Baada ya hapo ndipo wakafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa fundi yeyote wa friji katika mji huu. Walileta mtambo, boksi zito lenye mpini na geji mbili usoni, wakauunga upande mmoja kwenye friza na upande wa pili kwenye mtungi wa kijivu wenye bega la njano. Mtungi umekaa juu ya mizani. Wakawasha. Mtambo ukanyonya gesi iliyobaki na kuisukuma mtungini, na namba kwenye mizani ikawa inapanda taratibu, gramu kwa gramu, mpaka ikasimama karibu na 60. Kibandiko cha nyuma ya friza yangu kinasema ilitakiwa iwe na gramu 140. Zilizopungua zilikuwa zimeshakwenda zake.

Kazi iliyofuata niliitazama nimesimama, maana benchi lilikuwa na wenyewe. Wakatia nitrojeni kwa shinikizo, kijana akachovya brashi ya rangi kwenye povu la sabuni, akawa anapaka kila kiungo. Kwenye kiungo cha karibu na filta, palepale alipochomelea yule bwana wa Tabata, povu likaanza kutoa mapovu madogomadogo, moja, jingine, jingine. Wakakata, wakaweka filta mpya, wakaunga upya kwa fimbo ya fedha. Kisha pampu ya kufyonza hewa ikafanya kazi zaidi ya nusu saa, maana Dar hii na unyevu wake, maji kidogo tu yakibaki ndani ya bomba yataganda kwenye kapilari, mrija mwembamba sana, na utarudi umelia. Wakazima pampu, wakaiacha geji bila kuigusa waone kama mshale utapanda. Haukupanda. Ndipo ikaingia gesi, kwa mizani, 140 kamili. Nilipoifuata nilikuta wameweka kipimajoto ndani: 19 chini ya sifuri.

Sasa lile swali langu, na naomba wenye haraka waruke aya hizi waende kwenye malalamiko. Nilimwuliza mzee, gramu sitini za gesi, si ungeiachia tu? Nusu ya wateja wako wasingejua. Akanijibu: "Mwalimu, hiyo naisafisha naitumia tena, gesi imepanda bei. Halafu cheti kile ukutani sikukipata kwa kuachia gesi hewani." Cheti ni cha mafunzo aliyoyapata VETA Chang'ombe, na mtambo wa kunyonya nao anasema waliupata kupitia mradi wa ozoni.

Ozoni! Kwa miaka nimelichora ubaoni kwa chaki ya bluu hilo tabaka la juu angani linalotukinga na miale mikali ya jua, na wanafunzi wamelinakili, na dogo mmoja wa nyuma aliwahi kuuliza kwa nini tundu lenyewe halishonwi. Jibu lilikuwa Gerezani, kwenye mtungi wenye bega la njano.

Kwa wasioikumbuka habari hii: friji za zamani zilitumia gesi ya R12, mojawapo ya zile CFC, gesi zenye klorini ndani yake. Haina harufu, haiwaki, haina sumu, kila mtu aliipenda. Mwaka 1974 wanasayansi wawili, Mario Molina na Sherwood Rowland, waliandika kwamba gesi hizi hazioziki huku chini, zinapanda mpaka juu kabisa, na huko jua linazipasua zikatoa klorini inayokula ozoni. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walioko Antaktika wakatangaza kwamba ozoni ya kule inapotea kila majira ya kuchipua. Mwaka huohuo ukasainiwa Mkataba wa Vienna wa kulinda ozoni, na tarehe 16 Septemba 1987 ikafuata Itifaki ya Montreal, makubaliano ya nchi kuzipunguza gesi zinazoila. Aliyewasukuma wakubwa wakae mezani ni Mmisri, Mostafa Tolba, aliyeliongoza Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yapo hapo jirani tu, Nairobi. Tanzania tulijiunga mwaka 1993. Leo hakuna nchi ya Umoja wa Mataifa iliyobaki nje.

Mzee wa Gerezani anaikumbuka R12 kwa upande wake. Alianza ufundi akiwa kijana miaka ya themanini, na anasema walikuwa wanaoshea mabomba kwa gesi hiyo: unafungulia mtungi, inapita, inatoka na uchafu, inakwenda zake. Hakuna aliyemwambia kitu. R12 hukaa angani takriban miaka 100, kwa hiyo ile aliyoiosha nayo mabomba bado ipo juu huko, inaendelea na shughuli zake.

Ninachotaka kusema juu ya itifaki hii, na ndiyo sababu ya kuandika maelezo yote haya kwa ajili ya friza, ni kwamba haikuja kunihubiria mimi. Mikataba mingine ya mazingira ninayofundisha, huo wa Paris wa mwaka 2015 kwa mfano, kila nchi inajiandikia ahadi yake, na isipotimia tunakutana tena mwakani. Hii ya Montreal ilikwenda kukaa kwenye geti la bandari. Tanzania hatutengenezi gesi hizi, zote zinaingia kwa meli. Mwagizaji anahitaji kibali, kibali kina kiwango, na kiwango kinapunguzwa kwa tarehe zilizopangwa tangu zamani. R12 na ndugu zake, nchi zinazoendelea zilitakiwa ziache kabisa ifikapo 2010. R22, ile ya viyoyozi vingi vya mjini hapa, ilianza kubanwa 2013, ikapunguzwa asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020, asilimia 67.5 mwaka 2025, na 2030 inabaki tone la matengenezo tu. Yote yanahesabiwa kutoka wastani wa 2009 na 2010. Mzee hajui hizo asilimia. Anachojua ni kwamba mtungi wa R22 kila mwaka unazidi kumkaba, na hilo linatosha kumfanya anyonye gesi ya kiyoyozi cha mtu kwa uangalifu wa muuza dhahabu.

Fimbo nyingine ni kwamba wanachama walikatazana kufanya biashara ya gesi hizi na nchi iliyo nje ya itifaki. Ukikaa nje hupati gesi, na huuzi friji zako. Nchi nyingi ziliona afadhali ziingie.

Halafu kuna hela. Mwaka 1990 nchi tajiri zilikubali kuchangia mfuko maalumu wa kuzisaidia nchi kama yetu kubadilisha, kwa hoja rahisi kwamba wao ndio waliozimwaga gesi nyingi kabla sisi hatujawa na friji. Tajiri waliacha CFC mwaka 1996, sisi tukapewa miaka zaidi. Nimeona mijadala mingi ya "nchi zilizoendelea zisaidie", nikasinzia. Hapa niliona mtambo wenyewe, na mpini wake umeshachakaa kwa kushikwa.

Niseme pia jambo ambalo walimu wenzangu hulipita haraka: sisi wa karibu na ikweta ozoni yetu haikupungua sana, shida kubwa ilikuwa kwenye ncha za dunia. Mwanafunzi mwenye ualbino darasani kwangu anahitaji kofia na mafuta ya kujikinga na jua hata tundu la Antaktika likizibwa kesho. Na linaziba kweli: wataalamu wa itifaki wanakadiria ifikapo 2066 kwa Antaktika, na mapema zaidi, karibu 2040, kwa sehemu kubwa ya dunia.

Kwetu sisi faida ya sasa iko kwenye joto. R134a ya friza yangu haili ozoni hata kidogo, ndiyo maana ilichukua nafasi ya R12. Ila kilo yake moja inapasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa. Piga hesabu: gramu 140 ni sawa na kilo 200 za hewa ukaa, yaani zaidi ya lita 80 za petroli zilizochomwa. Kwa friza moja ya barafu za ukwaju! Oktoba 2016 nchi zilikutana Kigali zikaongeza gesi za jamii ya R134a nazo kwenye itifaki. Nchi za kundi letu zimepewa mwaka 2024 kusimamisha ongezeko, kisha kushuka hadi kupunguza asilimia 80 ifikapo 2045. Wanasayansi wanasema makubaliano hayo yakifuatwa yataepusha hadi nusu nyuzi ya joto mwisho wa karne. Friji mpya mnazoziona madukani Kariakoo zimeandikwa R600a, na hiyo ndiyo sababu. Kuipasha dunia, R600a ni kama haipo. Tatizo lake inawaka, kwa hiyo yule fundi wa tsss na moto wake wa kuchomelea msimruhusu aisogelee. Friji ndogo ina gramu hamsini na kitu tu, lakini ndani ya chumba kidogo cha jikoni hata hizo si za kuchezea.

Jirani yangu wa saluni alikuja na swali la kiyoyozi chake cha R22. Kuna fundi alimshauri atie gesi ya kupikia, eti inagandisha vizuri na ni rahisi. Mzee alikataa katakata, na hapo nilimpenda. Alisema gesi ya jamii hiyo inafaa kwenye mashine iliyotengenezwa kwa ajili yake, si kiyoyozi chenye swichi zinazotoa cheche ndani ya saluni yenye drayeri. Akamwambia kitumie hivyohivyo, kisipovuja usikiguse, kikifa usinunue kingine cha R22 hata ukiuziwa bei ya kutupa, uliza chenye R32. Hakumtoza hata senti kwa ushauri huo, na yeye ndiye angepata kazi ya kukijaza.

Malalamiko sasa. Simu hawapokei. Nilipiga asubuhi, mchana, jioni. Waliniambia friza itakuwa tayari siku fulani, nikakodi kirikuu, nikakuta umeme ulikatika tangu jana yake na pampu haijawashwa. Kirikuu kikarudi tupu na dereva akataka hela yake kamili, na mimi sikuwa na hoja. Risiti ya EFD inatolewa, lakini hadi uiombe, tena kwa sauti. Wanataka nusu ya malipo kabla, sawa, ila hawakuandikii popote ulichotoa. Mimi niliandika kwenye daftari langu la maandalio ya somo na kumpa kijana asaini. Choo msiulize.

Tena wale vijana wafundishwe kumweleza mteja. Mzee akiwa ameenda kuswali hakuna anayekwambia kitu, unaona tu friza yako imefunuliwa mgongo na watu wanakunywa chai. Mteja asiye na subira angeondoka na kurudi kwa fundi wa begi, na ninaamini wanawapoteza wengi kwa namna hiyo. Laiti wangebandika ukutani karatasi moja yenye hatua za kazi na bei ya kila hatua, ile 95,000 isingemshtua mtu.

Alama nawapa 74 kwa 100. Wanaojua mitihani yetu ya kidato cha nne wanajua maana yake, ni B inayoitazama A kwa dirishani. Moja iliyokosekana ni ya simu.

Ukienda, soma kwanza kibandiko cha nyuma ya friji yako, piga picha sehemu iliyoandikwa aina ya gesi na gramu zake, uende nayo. Ukifika sisitiza uone mizani wakati gesi inaingia, na wala hawachukii ukisogea. Malipo ya simu wanapokea, makato juu yako. Na wakikwambia njoo Ijumaa, nenda Jumatatu, saa nne, mzee akiwepo.